Yah: Malalamiko ya ufungaji wa spika tano na sabufa, na waya wa ethi uliokatwa

Raskazone, Tanga

Kwa Meneja,
Kitengo cha Ufungaji na Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafundi wenu wawili walifunga sebuleni kwetu spika tano, sabufa moja ya inchi 10 na risiva, kile kifaa kinachozigawia spika zote sauti. Stakabadhi yenu inataja shilingi 280,000 za "kufunga, kupanga na kupima sauti". Tumepiga simu mara mbili kueleza kwamba muziki hauna besi, na filamu nayo ina besi inayovuma kama pipa tupu. Ofisi yenu ilijibu kwamba sabufa ni ndogo, tuongeze pesa tupewe ya inchi 12. Ushauri huo tunaukataa, na sababu tunazieleza hapa chini. Sabufa ni nzima. Kazi tuliyolipia ndiyo haikufanyika.

Tuanze na lisilosubiri. Sabufa ilipowashwa mara ya kwanza ilitoa mlio mzito wa "mmmm" usiokoma. Fundi wenu akakata plagi ya kiwandani, akafunga plagi mpya ya pini tatu, akaunganisha waya mbili tu ndani yake. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ameukunja na kuuviringishia utepe. Mlio ulikoma, akatuambia ameutibu. Alichofanya ni kuondoa kinga. Sabufa hii ina bamba la chuma nyuma na amplifaya ndani. Waya wa moto ukigusa bamba hilo, hakuna njia ya umeme kurudi ardhini na kukata fyuzi. Bamba litabaki na volti 230 likimsubiri mtoto au mtu anayepiga deki.

Chanzo cha mlio kilikuwa rahisi kukipata. Dishi letu limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, na waya wake unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kinaungana na risiva, risiva na sabufa. Mfumo mmoja, sehemu mbili za kugusa ardhi. Mkondo mdogo unazunguka kati yake kupitia waya za sauti, na mtu anausikia kama mlio wa hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 na 100, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kipimo chake ni kufungua tu waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mlio ukikoma hapo hapo, mwizi kapatikana, na hakuna haja ya kugusa plagi. 

Dawa yake ni kulisha risiva, king'amuzi na sabufa kutoka soketi moja, na mlio ukibaki, kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa RCA, ule wa kupeleka ishara ya sauti, unaokwenda sabufa. Iwe ile inayopitisha besi kushuka hadi hezi 20. Nyingi za bei ya chini hukata besi nzito na mtarudi kutuambia sabufa ni ndogo. Wala msije na kitenganishi cha kawaida cha waya wa antena, maana kichwa cha dishi kinapata umeme wake wa volti 13 au 18 kupitia waya huo huo, na kitenganishi cha kawaida kinauzuia. Picha itapotea.

Sasa besi ya muziki iliyopotea. Kwenye menyu ya risiva, spika mbili za mbele zimewekwa Large. Maana yake risiva inaziachia spika hizo zibebe besi yote ya chaneli zao, na sabufa inabakiwa na chaneli ya LFE peke yake, ile ya besi maalumu ya filamu. Taarabu ya redioni, nyimbo za kwenye simu, diski, vyote hivyo ni vya chaneli mbili na havina LFE. Sabufa inakaa kimya, mzigo wote unaangukia koni za inchi 5 ambazo karatasi ya kiwanda inasema hazishuki chini ya hezi 65. Spika za aina hii huwekwa Small, mpaka wa kukata, ambao besi iliyo chini yake hupelekwa sabufa, ukiwa hezi 80. Neno hilo Small halina uhusiano na ukubwa wa boksi. Linaamua tu nani abebe besi. Pengine fundi aliona anazishushia hadhi.

Juu ya kosa hilo kuna jingine. Spika ya mbele kulia imeunganishwa kinyume, nyekundu penye nyeusi. Koni ya kushoto inaposukuma hewa mbele, ya kulia inaivuta nyuma. Besi ya muziki hurekodiwa karibu sawa pande zote mbili, kwa hiyo mawimbi mawili yanakutana kwenye kochi na kufutana. Sauti ya mwimbaji nayo, badala ya kusimama katikati, inatapakaa ukutani bila mahali. Kulibaini hakuhitaji kifaa cha gharama. Chomoa waya kwenye risiva, chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, umeunganisha sawa. Ikizama ndani, umegeuza. Ya kushoto ilitoka, ya kulia ikazama.

Kosa hili ndilo linalotufanya tuamini kuwa kupima sauti hakukufanyika kabisa. Risiva hii ina maikrofoni yake, na inapopima hutoa onyo kwenye skrini spika ikiwa kinyume. Ama onyo lilirukwa, ama maikrofoni haikutoka kwenye mfuko wake. Sisi tunaona ni la pili, kwa kuwa umbali wa spika zote tano kwenye menyu ni mita 3.6, namba ya kiwandani. Spika ya katikati iko mita 2.5 kutoka kichwani, za pembeni mita 1.6. Sauti husafiri takriban sentimita 35 kwa kila milisekunde moja, hivyo za pembeni zinatangulia karibu milisekunde 2.6 mbele ya ile ya katikati, na risiva haijui.

Upande wa filamu, mambo yamekwenda kinyume. Spika ya katikati imekatwa kwenye hezi 200, kwa hiyo sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume inapelekwa sabufa. Besi iliyo chini ya hezi 80 sikio halitambui kwa urahisi inatoka wapi, lakini ikipanda kufikia mia na kitu inatambulika vizuri. Matokeo yake mwigizaji anaongea nusu kwenye televisheni na nusu kwenye kona ya kushoto, sabufa ilikosukumwa. Ya katikati iwe hezi 80, za pembeni, ambazo ni ndogo zaidi, 120. Kitufe cha kukata masafa kilicho nyuma ya sabufa kiwe mwisho wa juu, kwa sababu risiva imeshakata, na kukata mara mbili huacha pengo.

Sauti ya sabufa yenyewe imefunguliwa hadi mwisho, kisha kwenye menyu ikapunguzwa hadi desibeli −12. Hapo ishara inayotoka risiva ni dhaifu kiasi kwamba swichi ya Auto, ile inayoiwasha sabufa yenyewe ikipata sauti, haiioni. Sabufa inalala katikati ya mazungumzo, halafu mlipuko wa kwanza unaizindua kwa kishindo. Kitufe kirudi nusu, kisha kila spika ipimwe kwa mlio wa majaribio hadi kipima sauti, kikiwa kwenye mpangilio wa C na mwendo wa polepole, kisome desibeli 75 mahali pa kukaa. Namba ya sabufa kwenye menyu ikiangukia kati ya −5 na +5, mko salama.

Tukija kwenye mvumo wenyewe, hapa ndipo ushauri wenu wa inchi 12 unapoanguka. Sebule ni mita 5.2 kwa 4.0, dari mita 2.8. Kwa joto la Tanga sauti huenda kama mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu: wimbi la kwanza la chumba, yaani sauti inayogonga kuta na kurudi juu ya yenyewe, linasimama kwenye hezi 33, la pili 67. Kwa upana ni hezi 43 na 87. Mafundi wenu waliliweka kochi katikati kabisa ya chumba, mita 2.6 kutoka ukuta wa televisheni, na sabufa kwenye kona. Kona inachochea mawimbi yote bila kubagua. Katikati ya chumba, mawimbi ya kwanza, hezi 33 na 43, yanakuwa sifuri, na ya pili, 67 na 87, yanakuwa kileleni. Besi nzito inayotikisa kifua haipo, ile ya kati inavuma kupita kiasi. Ukisimama nyuma karibu na mlango unaisikia hiyo nzito iliyokosekana kwenye kochi, kwa sabufa hii hii ya inchi 10. Mkileta ya inchi 12, au hata ya 15, mnaongeza nguvu mahali pale pale panapovuma, na palipo sifuri panabaki sifuri.

Kochi tunalisogeza wenyewe, sentimita 80 nyuma, lifike mita 3.4. Hapo hezi 33 inarudi, na kwa hesabu 67 inapungua karibu desibeli 5. Sabufa itoke kona na kuanzia mita 1 kutoka ukuta wa kushoto, robo ya upana, ambapo wimbi la hezi 87 halichochewi. Tunasema kuanzia, kwa sababu samani, madirisha na mlango huvuruga hesabu. Njia ya kuhakikisha ni ya zamani: sabufa iwekwe juu ya kochi, ipigwe milio ya hezi 30 hadi 80, na fundi atambae kando ya kuta akisikiliza ni wapi milio inalingana. Hapo ndipo makazi ya sabufa. Inachukua nusu saa na magoti kidogo. Baada ya hapo, swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo wa koni ya sabufa, ijaribiwe kwenye 0 na 180 kwa mlio wa hezi 80, ibaki pale sauti inapozidi. Maikrofoni isimame kwenye stendi usawa wa masikio, sehemu tatu au zaidi, isilazwe kwenye mto wa kochi.

Waya za spika za pembeni tunazirudisha. Stakabadhi inasema shaba milimita za mraba 2.5, zilizofungwa ni 0.75, na ukikwangua kwa wembe ndani ni nyeupe, yaani alumini iliyopakwa shaba. Kwa mita 13 kwenda na 13 kurudi zina ukinzani wa umeme wa takriban omu 0.95, wakati spika ni ya omu 6 na kiwango kinachokubalika ni asilimia 5, yaani 0.3. Shaba ya 2.5 ingekuwa na 0.18. Televisheni nayo imeachwa kwenye PCM, mpangilio wa sauti yake ya kutoka, hivyo inatoa chaneli mbili tu. Hiyo tumeibadili wenyewe. Kutoboa ukuta na kuficha waya kumefanyika kwa usafi, hilo tunakiri.

Tunaomba, ndani ya siku 14, plagi ya sabufa irudishiwe waya wa ethi na kampuni, si sisi. Waya za pembeni zibadilishwe kwa kilichoandikwa kwenye stakabadhi. Na fundi aje na kipimo cha sauti kufanya upya kazi tuliyoitaja, au turudishiwe shilingi 280,000. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, tutawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha za plagi na waya.

Tunapatikana siku yoyote baada ya saa 10 jioni. Sabufa tumeichomoa kwenye soketi na haitawashwa hadi plagi itengenezwe.

Wenu,

Wateja wenu wa Raskazone

Viambatisho: nakala ya stakabadhi, picha nne, kipande cha waya cha sentimita 10.