Barua kwa swahiba: mguu usitangulie sauti

Ngamiani, Barabara ya 8,
Tanga.

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya kusi. Mama anakusalimu sana. Anasema safari hii ukija usipite kwenda Raskazone kabla hujaonja samaki wake wa kupaka.

Ama baada ya salamu, ile sauti uliyonirekodia kwenye simu nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne niliweka gita langu mbele nikakufuata noti kwa noti, chai ikapoa mezani. Huwezi kujua furaha niliyopata. Miaka yote hii napiga gita la pedali bila mtu wa kusemezana naye. Mji huu ni wa magita, ndio uliotoa bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, na ndiko vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikoingiza gita la umeme na besi kwenye taarabu. Lakini ukimwambia mtu kuna gita linalolazwa juu ya miguu minne kama meza, lina nyuzi kumi, linachezwa kwa mikono, miguu na magoti, anakutazama tu.

Mkono wako wa kulia umetulia, hilo nakupa. Kucha zinagusa nyuzi bila kukwaruza, na G yako ya mstari wa 3 imekaa. Lakini uliniuliza nikuambie kweli: mbona unakanyaga panapotakiwa na gita bado halilii? Nimeona kasoro. Mguu wako unatangulia. Unakanyaga kwanza ndipo unapiga uzi, au unafanya vyote kwa pigo moja, kwa hiyo noti inatoka ikiwa imeshafika. Sisi wasikilizaji hatukuiona ikienda.

Mkumbuke bibi yeyote wa taarabu uliyewahi kumsikia akiimba uani bila kipaza sauti. Akitaka kupanda, haruki. Anaivuta sauti, inapita njiani, na roho inakushika pale katikati kabla hajafika. Gita letu limeundwa kwa ajili ya pale katikati. Gita la kawaida lina vyuma vya kukatia noti, letu lina mistari iliyochorwa tu, haizuii kitu. Hata wenyewe Wamarekani walichelewa kulijua hilo. Pedali zilikuwapo, ila mtu alikanyaga ili apate kodi nyingine, yaani noti nyingine za kupigwa pamoja, basi. Mwaka 1954 ndipo wengi waliposikia, katika wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, mpiga gita Bud Isaacs akikanyaga huku uzi ungali unalia, na wapigaji wakaanza kuhangaikia magita yao wayafanye vile. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ana vile vikonyo vidogo anavyovigeuza kwa kidole ili kupandisha au kushusha uzi. Sisi tunageuza kwa mguu na goti, na sauti iko hewani.

Basi fanya hivi. Nyuzi zako umezitune kwa mpangilio uitwao E9, kwa hiyo pedali A inaupandisha uzi wa 5 na wa 10 kwa toni nzima, na B inaupandisha wa 3 na wa 6 kwa nusu toni. Hayo umeshayakariri. Weka kile chuma cha mkono wa kushoto juu ya nyuzi kwenye mstari wa 3, piga uzi wa 5 na wa 6 pamoja, usikanyage kitu. Unasikia D na B. Hesabu moja moyoni, halafu ianze pedali B polepole, na kabla haijafika chini A iifuate. Nyuzi zinapanda kila mmoja kwa mwendo wake na kutua pamoja, E na C. Umetoka G umeingia C, na chuma hakijasogea hata unywele. Kaa na hilo dakika kumi, usipige kingine. Kisha ligeuze: piga zikiwa juu, uziachie zishuke. Kushuka ni kugumu zaidi, kwa sababu mguu unapenda kuachia ghafla.

Pedali hizo mbili zinakaliwa na mguu mmoja wa kushoto. Usiunyanyue, ulaze tu kwenye kifundo, upande huu ibaki A, upande ule ibaki B. Anayetajwa kwa kuigawa kazi hiyo katika pedali mbili ni Buddy Emmons, aliyefariki mwaka 2015, na kila ninapoikanyaga A peke yake nikapata kodi ya E ndogo (minor) palepale kwenye mstari wa G, namshukuru.

Sasa kuna pambo moja nalipenda kuliko yote, na nataka uwe nalo. Mstari wa 3, kanyaga A, piga uzi wa 4 na wa 5. Unapata G na E. Sasa telezesha chuma kwenda mstari wa 5 huku ukiiachia A taratibu kwa kadiri ileile ya mwendo wa chuma. Ukipatia, uzi wa 5 haubadiliki kabisa, unabaki E, maana kinachoongezwa na mkono kinapunguzwa na mguu. Uzi wa 4 peke yake unatembea kutoka noti ya G hadi noti ya A. Mmoja amesimama mlangoni, mwenzake anaondoka. Mwanzoni ule wa 5 utayumba, unapanda kidogo unashuka kidogo, usikate tamaa. Mimi lilinichukua zaidi ya mwezi, kila alfajiri baada ya sala, sauti ya amplifaya ikiwa chini majirani wasiamke. Siku lilipokaa nilijikuta machozi yananilenga.

Jingine ni la pedali C. Piga uzi wa 1 na wa 4 pamoja, kisha kanyaga C pole sana. Uzi wa 4 unapanda kumfuata wa 1, na kabla hawajakutana wanagombana, unasikia sauti inatetemeka yenyewe, inaenda haraka, inapungua, halafu kimya: wamekuwa sauti moja. Usiharakishe ule ugomvi. Ndio utamu wenyewe.

Sauti za kengele sitazieleza sana, umeshazipata. Chuma kikiwa mstari wa 3, kiganja kiguse mstari wa 15. Ila jaribu kukanyaga A na B baada ya kengele kulia, usikie kengele inayopanda.

Mtikiso wa chuma je? Wako unaanza mapema mno. Acha noti isimame wima kwanza, watu wajue umefika wapi, ndipo uitikise kidogo. Na vidole viwili vya nyuma ya chuma vilale juu ya nyuzi, la sivyo zinavuma nyuma yake kama nyuki.

Pedali ya sauti, ile ya mguu wa kulia ya kuongeza na kupunguza sauti, ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kupiga simu. Unaipampu. Kila noti mguu wa kulia unakwenda chini na juu. Iache nusu, piga uzi, na kadiri uzi unavyofifia uifungue taratibu, ili sauti idumu bila msikilizaji kujua kuna mguu unaofanya kazi. Ukitaka kilio cha fidla, anza ukiwa umeifunga karibu yote, piga, halafu ufungue. Ule mgoto wa kucha unapotea, unabaki upinde.

Na hapa kuna jambo nililolifanya arusini Chumbageni ambalo bado linaniuma. Bibi alikuwa anaimba, sauti imemkaa, nami nikawa na madoido mapya mkononi. Kila mstari wake nikaujaza. Yeye anavuta neno, mimi navuta uzi juu yake. Tulipomaliza, mzee mmoja wa fidla akaniita pembeni, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umemkatia bibi maneno." Nilitamani ardhi inifunike. Tangu siku ile mwimbaji akifungua kinywa mguu wangu wa kulia unarudi nyuma, nabaki na noti moja ndefu au sipigi kabisa. Akivuta pumzi, hapo ndipo zamu yangu, na zamu yenyewe ni fupi. Zisikilize tena zile rekodi za Don Williams ulizokuwa ukizipenda, zile za mwanzo, mpiga gita letu Lloyd Green anavyomngoja. Halafu msikilize Demola Adepoju kwenye bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, rekodi za miaka ya 1980. Yule hakulipiga kama Mmarekani. Aliukuta muziki wa kwao wa juju na ngoma zake, akaliingiza gita humo, likakaa. Kwa hiyo anayekuambia hili si gita la kwetu, usimjibu, mpigie.

Kuhusu kutune: usiiamini mashine kwenye uzi wa 3 na wa 6. Hizo G shapu zishushe chini kidogo ya mashine inavyosema, hadi zikae na E bila kutikisika. Sikio lako ndilo hakimu. Na kwa hewa hii yetu ya chumvi, kila ukimaliza pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, na vile vyuma vya chini uvitie tone la mafuta ya cherehani. Uzi wa 3 ndio mwembamba kuliko wote na ndio unaokatika. Nakutumia nyuzi tatu kwa basi la Jumamosi, zimo ndani ya bahasha iliyoandikwa jina lako. Mwambie kijana aende kituoni mapema.

Nirekodie tena baada ya wiki mbili, na safari hii nataka pambo moja tu, lile la mmoja kusimama na mwenzake kutembea. Lipige polepole hadi nilisikie lote.

Wasalimie watoto na mama yao.

Ni mimi swahiba wako wa Ngamiani.