Kwa nini tunatoza kupanda mlima kabla ya kukufungia sensa

Sisi ni mafundi wa Makambako; tunafunga sensa, vifaa vidogo vinavyopima maji ya tangi au unyevu wa udongo na kutuma vipimo kwa redio. Kila kiangazi kikianza, wenye mashamba na kamati za maji wakishaanza kubana matumizi, simu zetu hulia kwa lalamiko lile lile: "Kwenye boksi wameandika kilomita 15. Mbona kwangu haifiki hata mbili?" Safari hii limekuja na la pili, na hilo ndilo limetufanya tuandike. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja huko Wanging'ombe aliisoma ankara yetu mstari kwa mstari, akaweka kidole kwenye gharama ya upimaji wa eneo, yaani kujaribu kwanza mawimbi ya redio yanafika wapi. "Vijana, mlikuja, mkapanda mlima, mkashuka, sasa mnatuandikia hela. Sisi tumenunua vifaa, hatukununua matembezi." Aliona tumemdhulumu, na akawaambia wajumbe wenzake hivyo. Mzee huyu tunamheshimu, na hela anayoilinda ni ya wanakijiji wanaolipia maji kwa ndoo. Anastahili kujibiwa kwa kirefu.

Vifaa tunavyofunga vinatumia redio ya LoRa. Kazi yake ni moja: kupeleka taarifa fupi mbali, kwa umeme kidogo sana. Sensa ya kina cha maji kwenye tangi, au ya unyevu wa udongo shambani, inaamka, inapima, inatuma tarakimu chache, inalala tena. Inatuma kwa nguvu ya miliwati 25. Simu ya 2G inaruhusiwa kufika wati 2, yaani mara 80 ya hapo. Meseji ya sensa inapokewa na kituo kimoja kilichofungwa mahali pa juu, na kituo hicho ndicho chenye laini ya simu. Bando moja linahudumia sensa zote za shamba au za kijiji. Hapo ndipo mteja anapookoa hela mwezi hadi mwezi, na ndiyo sababu tunaipenda kazi hii.

Chipu iliyo ndani ya sensa ya bei nafuu na ile ya bei ghali mara nyingi inatoka kwa Semtech, kampuni ya Marekani iliyonunua ufundi huu mwaka 2012 kutoka kwa Cycleo, kampuni ndogo ya Ufaransa. Kwa hiyo ukiona ya jirani inafika na yako haifiki, usikimbilie kulaumu chipu. Angalia antena iko juu kiasi gani, waya wake ni wa aina gani, na kati ya sensa na kituo kuna nini.

Kuna wateja wanaotuonyesha kwenye simu habari ya puto la mwaka 2017. Ni habari ya kweli: meseji ya LoRa, kwa miliwati 25 hizo hizo, ilipokewa umbali wa kilomita 702. Lakini puto lilikuwa angani zaidi ya kilomita 38. Kati yake na mpokeaji hapakuwa na kilima, msitu wala paa la bati. Njombe tuna milima, mabonde na mashamba ya mipaini yaliyoshonana, na majani mabichi yanakula mawimbi, yakilowa ndiyo zaidi. Tena haitoshi macho yako kuona ng'ambo ya pili. Mawimbi yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili. Kwa umbali wa kilomita 10 na masafa ya megahezi 868, katikati ya safari yai hilo lina nusu-kipenyo cha karibu mita 29. Kilima kikiingia humo, hata kama hakizibi macho, kinapunguza nguvu. Ndiyo maana tunapanda.

Tukifika juu, kazi yenyewe iko hivi. Mmoja anabaki na kituo cha majaribio kwenye mlingoti, mwingine anashuka na kifaa kidogo kinachotuma meseji, anazunguka sehemu zote ambazo sensa zitakaa: kwenye tangi, kisimani, pembe za shamba, chini kabisa bondeni. Kila mahali tunaandika meseji imefika kwa nguvu gani, imezidi kelele (mawimbi mengine yasiyotakiwa hewani) au imezama chini ya kelele kwa desibeli ngapi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), na kwa kasi ipi. LoRa ina ngazi za kasi, tunaziita SF7 mpaka SF12. SF7 ni ya haraka na ya karibu. SF12 ni ya polepole na inafika mbali, inasomeka hata meseji ikiwa desibeli 20 chini ya kelele. Mteja akiona imefika kwa SF12 anafurahi, anataka tufunge hapo hapo twende. Sisi hatukubali. Meseji ya baiti 10 kwa SF7 inachukua kama milisekunde 62 hewani. Kwa SF12 inachukua karibu sekunde moja na nusu. Betri inalipia tofauti hiyo kila mara sensa inapotuma. Na mahali panapofika kwa SF12 siku ya jua kali, mvua zikianza na majani yakifunga, hapafiki.

Mahindi ndiyo yametufundisha wateja wengi hapa. Anayepima mwenyewe mwezi wa Novemba anapima shamba tupu, anachomeka sensa usawa wa goti, inasoma vizuri. Machi mahindi yamempita mtu kimo, yamejaa maji, na sensa imenyamaza. Anatupigia kwamba imekufa. Haijakufa, imefunikwa. Sensa zetu za shambani tunazipa bomba linalopandisha antena juu ya mahindi yaliyokomaa, na mteja anauliza kwa nini bomba refu hivyo kwa kifaa kidogo hivyo. Hiyo ndiyo sababu.

Sasa kuna njia za mkato, na hapa naomba tusikilizane, maana zinakula hela za watu.

Iliyo ghali kuliko zote ni kituo cha bei ya kutupwa kinachouzwa mtandaoni. Mkulima mmoja wa parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe alichukua sensa za udongo kwetu, akaona kituo chetu ni ghali, akaagiza chake. Kituo kamili kinasikiliza chaneli nane kwa pamoja, na ngazi zote za kasi. Alichoagiza yeye kinasikiliza chaneli moja kwa kasi moja. Sensa nazo hazikai chaneli moja, zinahamahama kwa makusudi ili zisigongane. Kwa hiyo kituo kilidaka meseji moja, saba zikapita bila kusikika. Kwenye simu yake unyevu ulionekana asubuhi, kisha kimya mpaka kesho yake jioni. Akaacha kuziamini, akarudi kumwagilia kwa kukisia, na Agosti ile miche michanga ya upande wa juu ikakauka huku ya chini ikisimama kwenye matope. Alituletea sensa zote ndani ya mfuko wa salfeti, amekasirika kweli kweli. Tuliziwasha palepale kaunta, mbele yake, na kituo chetu kikazipokea zote. Hakuna iliyokuwa mbovu. Alinunua kituo mara ya pili, na miche mara ya pili.

Ya pili ni vifaa vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Huko wanatumia megahezi 902 mpaka 928. Hapa kwetu, kipande cha 890 hadi 915 ndicho simu za watu zinakotumia kupiga minara. Ukiwasha kifaa hicho unaingia kwenye njia ya makampuni ya simu, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakikufuata hatutakuwa na la kukutetea. Hatufungi vifaa hivyo, hata mteja akija navyo vikiwa vipya kabisa kwenye boksi. Tunafunga vya megahezi 868 vilivyoidhinishwa, na gharama ya kuvipata kihalali imo ndani ya bei yetu.

Halafu kuna waya wa dishi. Fundi yeyote wa king'amuzi anao kwenye gari, ni wa bei rahisi, na kwa macho unafanana na wetu. Huo ni wa omu 75 (kipimo cha ukinzani kwa mawimbi), vifaa vyetu ni vya omu 50, havilingani. Kinachouma zaidi ni urefu na viungo. Hata waya mwembamba wa omu 50 ulio sahihi, ule wa RG58, unapoteza zaidi ya desibeli 5 kwa mita 10, yaani zaidi ya theluthi mbili ya nguvu inaishia njiani kabla haijafika kwenye kituo. Waya mnene wa LMR400 kwa urefu huo huo unapoteza kama desibeli 1.3. Unauzwa ghali kwa mita, ni mgumu kukunja, na tunautumia hivyo hivyo.

Kule Mufindi, kwenye chai, tuliitwa kukagua kituo kilichofungwa na mtu mwingine. Kilifanya kazi vizuri kiangazi chote, kikazimika mwezi wa pili wa mvua. Nilifungua kiungo cha juu ya mlingoti: matone ya maji yakadondoka kwenye kiganja, na ile sindano ya katikati ilikuwa kijani kwa kutu ya shaba. Kiungo kilizungushiwa tepu ya kawaida ya umeme, ile nyeusi, na jua lilikuwa limeshaibandua. Sisi tunazungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, tabaka juu ya tabaka kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze, halafu tunaupa waya mshuko chini ya kiungo, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Inachukua muda. Mteja akitutazama kutoka chini anadhani tunapoteza saa.

Kwenye viungo kuna jambo jingine dogo. Vile vya SMA, vidogo vya kuzungusha vinavyoshika antena, viko vya aina mbili vinavyokazana vizuri kwa nati, lakini ukivichanganya, katikati hakuna sindano inayogusa. Antena imekaza, haitikisiki, na haijaungwa na chochote. Kabla ya kupiga simu, fungua utazame katikati: upande mmoja lazima uwe na sindano, mwingine uwe na tundu.

Betri nazo. Sensa zetu nyingi zinatumia betri ya lithiamu ya volti 3.6. Ile ndogo inalingana kabisa kwa umbo na ya tochi ya volti 1.5, ndiyo maana watu wanaibadilisha dukani kijijini kisha wanatuambia sensa imeungua. Wengine wanaweka pawabenki. Pawabenki ikiona kifaa hakivuti umeme wa maana inajizima, na sensa iliyolala haivuti umeme wa maana. Inakaa siku ya kwanza, ya pili kimya.

Na wapo wanaotaka sensa itume kila baada ya sekunde 10, "ili tuone moja kwa moja." Tangi la kijiji halishuki kwa sekunde 10. Kanuni za Ulaya, ambazo vifaa vya 868 vimetengenezwa kwa kuzifuata, kwenye chaneli za kawaida zinampa kila mtumaji asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa SF12 hizo ni meseji 24 tu. Sisi tunaweka kila dakika 20 au 30, na betri inadumu miaka. Picha na sauti LoRa haibebi kabisa: kwa kasi ya chini inapitisha biti 250 kwa sekunde. Ukitaka kamera ya kuona wezi wa parachichi, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Tuseme na hili, hata kama linatunyima mauzo: mwenye tangi moja, mahali ambapo simu inashika vizuri, hahitaji kituo. Anunue sensa yenye laini yake ndani, alipie bando, yamekwisha. LoRa inalipa pale sensa zilipo nyingi, zimetawanyika, na bonde halina mtandao.

Kwa kamati ya yule mzee, mlima ulituonyesha kwamba ofisi ya kijiji walipotaka kituo kikae, chini ya bati na nyuma ya nondo za dirisha, haioni kisima hata kidogo. Juu ya tangi panaona tangi, kisima, na magati (vituo vya kuchotea maji) ya vitongoji vyote isipokuwa kimoja. Kituo kimoja kikatosha badala ya viwili walivyokuwa wamewekewa kwenye makadirio na muuzaji mwingine. Mstari wa upimaji kwenye ankara ni mdogo kuliko bei ya kituo hicho cha pili, na tuliiandika hesabu hiyo kwa mkono nyuma ya ankara tukairudisha kwa wajumbe.

Utaratibu kuanzia sasa ni huu. Upimaji unalipiwa kabla hatujaondoka Makambako, nauli ikiwemo. Ukituagiza kazi, gharama ya upimaji tunaikata kwenye ankara ya mwisho. Usipotuagiza, karatasi ya vipimo ni yako, mpe fundi yeyote umtakaye. Anayetaka kufunga mwenyewe tutamuuzia antena, waya wa mita anazohitaji na viungo vilivyokwisha kubanwa. Aje na kimo cha nguzo yake na picha ya upande kituo kinakotazama, na aseme mapema kama kwenye shamba hilo atapanda mahindi.