Utamu wa Mario ya tatu si kumbukumbu za utoto

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa vijana wa wiki iliyopita mliandika kwamba gemu za kaseti, yaani zile za video za zamani zinazochomekwa kwenye mashine, bado zinapendwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba waliozicheza wakiwa wadogo sasa ni watu wazima na wanautamani utoto wao. Naomba nafasi ya kuipinga hoja hiyo kwa kutumia gemu moja ninayoifahamu vizuri, Super Mario Bros. 3, ambamo mchezaji humwongoza mhusika Mario akikimbia na kuruka, na ambayo kampuni ya Kijapani ya Nintendo waliitoa Japani mwezi Oktoba 1988, ikaingia Marekani 1990 na Ulaya 1991. Sisi wa Majengo hapa Moshi tuliipata miaka mingi baadaye, kwenye kaseti zisizo na nembo, ndani ya kibanda cha mabati chenye televisheni moja na benchi moja.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Likizo ya Desemba niliifufua mashine moja ya zamani iliyokuwa imelala stoo na kumpa binti yangu mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye hakukijua kibanda kile na hana utoto wa kuukumbuka, kwa maana ndio kwanza anauishi. Jioni ya pili aliniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza kwa miaka yote niliyocheza: "Baba, kwa nini vile vitofali vikubwa vina kivuli angani?"

Swali hilo ndilo mlango wa gemu nzima. Gemu inapoanza, pazia hufunguka. Matofali makubwa ya rangi yamekazwa kwa skrubu kwenye mandhari ya nyuma na kuangusha kivuli juu yake, kana kwamba anga lenyewe ni kitambaa kilichochorwa, na baadhi ya vibao vya kurukia vinaning'inia kutoka juu kama vimefungwa darini. Kila hatua inapokwisha, Mario hutoka kwa upande wa kulia na kuingia gizani, kama mwigizaji anayeondoka jukwaani. Mwaka 2015 Shigeru Miyamoto, mmoja wa waliouongoza utengenezaji wake, alikubali hadharani kwamba gemu hiyo ilikuwa mchezo wa jukwaani tangu mwanzo. Kwa hiyo ile siri iliyovuma kibandani kwetu, kwamba katika hatua ya tatu ya nchi ya kwanza (gemu imegawanywa katika nchi, na kila nchi ina hatua zake) ukichuchumaa juu ya tofali jeupe kwa sekunde chache utadondoka na kupita nyuma ya mandhari hadi kwenye nyumba yenye filimbi ya kukurusha nchi za mbele, haikuwa siri ya kubahatisha hata kidogo. Ikiwa mandhari ni pazia, basi nyuma ya pazia pana njia, na mtoto anayetazama kwa makini anaweza kuiwaza kabla ya kuambiwa. Nani anaweza kusema kwamba utamu wa namna hiyo unatokana na kumbukumbu?

Uzuri huo unaonekana zaidi tukikumbuka kwamba hii ni gemu ya mwendelezo, na mwendelezo ni kazi ngumu. Gemu ya kwanza ilitoka 1985 na kupendwa mno. Ya pili, iliyotoka Japani 1986, ilibaki na sura ileile ila ikawa ngumu kupita kiasi, hata tawi la kampuni lililoko Marekani likaamua kutoiuza kule. Badala yake, mwaka 1988 Wamarekani walipewa gemu nyingine iitwayo Doki Doki Panic, iliyobadilishwa wahusika na kuitwa Super Mario Bros. 2. Hivyo basi, kabla ya kufika ya tatu, njia mbili zilikuwa zimekwisha kujaribiwa: kurudia yaleyale kwa ukali zaidi, na kuazima kitu cha pembeni.

Ya tatu haikufuata yoyote kati ya hizo. Kitufe cha kukimbia ni kilekile na cha kuruka ni kilekile, lakini sasa mbio zinajaza mishale midogo kwenye ukingo wa chini wa kioo, na ikijaa, Mario aliyepata jani na kuota masikio na mkia hupaa. Yaani ujuzi ambao vidole vilikuwa navyo tangu gemu ya kwanza umepewa kazi mpya, na mchezaji wa zamani hajisikii mgeni wala hachoki. Jani lenyewe wamelitoa kwenye hadithi za Kijapani za tanuki, mnyama anayejigeuza umbo kwa kujiwekea jani kichwani, mjanja kama sungura wa hadithi zetu. Zaidi ya hapo, gemu ya kwanza haikukuruhusu kurudi nyuma ulikotoka. Hii inakuruhusu, na kwa kuwa unaweza pia kuruka, kila hatua ina juu yake na nyuma yake pa kupekua.

Kuna pia ukarimu ambao siku hizi ni nadra. Katika nchi ya nne vitu vingi ni vikubwa kupita kiasi, kobe na mabomba yakimzidi Mario kimo. Katika nchi ya tano kuna kiatu cha kijani ambacho Mario huingia ndani yake na kurukaruka hata juu ya miiba, nacho kinapatikana katika hatua moja tu ya gemu nzima, kisha hukioni tena. Wangeweza kukinyoosha kijaze nchi nzima, lakini walikitoa mara moja wakaendelea na jambo lingine. Na yote haya, nchi nane na muziki wa Koji Kondo, yameenea katika kilobaiti 384, wakati picha moja ya simu ya leo huzidi ukubwa huo mara kadhaa.

Jambo ambalo mimi nililipenda kuliko yote, hata hivyo, ni zamu. Katika gemu ya kwanza mkicheza wawili, mwenzako alisubiri mpaka ufe, na kama wewe ni hodari alikaa bure huku muda aliolipia ukiisha. Katika ya tatu zamu hubadilika ukifa na hubadilika pia ukimaliza hatua, na kwenye ramani hatua uliyoivuka huwekwa herufi yako, ya Mario au ya ndugu yake Luigi, anayechezwa na mchezaji wa pili. Kibandani kwetu jambo hilo lilimaliza ugomvi mwingi. Aliyezidi alisonga mbele pamoja na asiyejua, na asiyejua alijifunza kwa kukaa bega kwa bega na anayejua.

Kasoro ipo: gemu haihifadhi ulipofikia, na umeme ukikatika unaanza upya. Watengenezaji waliweka filimbi tatu za kukurusha nchi za mbele, mbili zikiwa katika nchi ya kwanza, na mtu akizipuliza hizo mbili mfululizo hufika nchi ya nane. Binti yangu anajua zilipo zote mbili. Hata hivyo kila jioni anaanza kwa miguu kutoka mwanzo, na mbali alikofika ni nchi ya tano, kwa kuwa hataki kuruka nchi ambayo hajaiona.

Naomba siku mtakapoandika tena kuhusu gemu hizi, mumketishe mbele yake mtoto ambaye hajawahi kuzicheza, kisha mchapishe maswali atakayouliza.

Wenu,
Fundi wa Majengo,
Moshi