Msuli wako, mpiga tarumbeta

Upanga, Dar es Salaam

Ndugu yangu Selemani,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi mzima, mama naye mzima, ila anasema safari hii ukija Dar bila kupita nyumbani atakununia.

Umeniuliza kwa nini misuli imepewa majina marefu namna ile, na kama kweli kuna mtu anayeyakariri. Sisi tunaosoma anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, tunayakariri, tena kwa machozi. Lakini tangu nielewe yalivyotungwa, hofu imepungua. Ni mambo yale yale ya vituo vya daladala: ukisikia Mbuyuni unajua palikuwa na mbuyu, hata kama leo huuoni. Wanaanatomia wa Ulaya nao waliita walichokiona, tofauti ni kwamba wao waliita kwa Kilatini na Kigiriki. Na hawakuanza hivyo. Mmoja wao, Vesalius, katika kitabu chake cha mwaka 1543, misuli mingi aliipa namba tu. Baadaye majina yakazidi hadi msuli mmoja ukawa unaitwa hivi huku na vile kule, mpaka mwaka 1895 wakakubaliana orodha moja kule Basel, Uswisi.

Wa begani ni deltoidi, kwa sababu una pembe tatu kama herufi delta ya Wagiriki. Baisepsi ina vichwa viwili, traisepsi vitatu. Ya matakoni waliichokea kabisa: mkubwa, wa kati, mdogo, basi. Ninaoupenda ni ule unaotokeza shingoni ukigeuza kichwa, sternokleidomastoidi. Jina linatisha, kumbe limetaja tu unakoshikilia: mfupa wa kidari, mtulinga, na kinundu kilicho nyuma ya sikio. Upo pia sartoriasi, mrefu kuliko misuli yote mwilini, unaokatiza paja kutoka nyonga hadi chini ya goti. Maana yake ni msuli wa fundi nguo, eti kwa vile mafundi wa zamani walishona wamekaa miguu imekunjwa. Mafundi wetu wa Kariakoo wako juu ya viti wanakanyaga cherehani, sijui nao tuwape upi.

Sasa uso, maana najua hapo ndipo ulipotaka nifike. Misuli ya uso mingi upande mmoja umeshika mfupa, upande wa pili umeshika ngozi. Ukivutika, ngozi inafuata, ndiyo maana mtu akikasirika unamjua kabla hajasema. Neva moja, yaani mshipa wa fahamu, ya saba kati ya zile za fuvu, ndiyo inayoiamrisha, na ikipooza upande mmoja, mdomo unaenda kombo.

Msuli wa shavu unaitwa buksineta, yaani mpiga tarumbeta. Huo ni wako, Sele! Unabana shavu kwenye meno ili pumzi itoke kwa nguvu bila shavu kufura. Wasio na bendi wanautumia kurudisha chakula katikati ya meno wanapotafuna, na mtoto mchanga anautumia kunyonya.

Risoriasi, yaani wa kicheko, naona walikosea kuuita hivyo. Unavuta pembe za mdomo kwenda pembeni tu, na hiyo ni sura ya mtu aliyekanyagwa kidole. Tabasamu lenyewe linatoka kwenye msuli unaoanzia mfupa wa shavu na kuinua pembe za mdomo, pamoja na ule unaozunguka jicho. Daktari Mfaransa, Duchenne, alizisisimua nyuso za watu kwa umeme, akaandika mwaka 1862 kwamba huo wa jicho hauitikii amri kirahisi, unaitikia furaha. Kapitie picha za sendoff ulizopiga muziki, utawaona waliolazimishwa.

Jina refu kuliko yote kamepewa kamsuli kadogo kamoja kando ya pua. Kwa Kiswahili ungekuwa mnyanyuaji wa mdomo wa juu na bawa la pua. Umeutumia kila ulipopita soko la samaki la Feri jua likiwa kali na samaki wamelala.

Naomba unisaidie jambo. Mkimaliza arusi ya usiku kucha, unaumia shavuni au kwenye midomo yenyewe? Midomo ina msuli wake wa kuizunguka, na nahisi huo ndio unaochoka kwanza. Niandikie, na wasalimie wenzako wa bendi hapo Morogoro.

Ni mimi,
Mwanaidi