Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: wafundisheni watoto wa Pwani kuikimbia bahari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA TSUNAMI KWA SHULE ZA UKANDA WA PWANI

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya Kigamboni. Ningeweza kuipitisha barua hii kwa mkuu wa shule, kisha ofisi ya wilaya, kisha mkoa, lakini jambo lenyewe ni la hadhara: ni watoto waliokufa maji kwenye fukwe za Dar es Salaam mchana wa Jumapili ya Desemba 26, 2004, na namna sisi tuliobaki tulivyovipokea vifo vyao.

Tetemeko lililotikisa sakafu ya bahari karibu na Sumatra, lenye ukubwa wa 9.1, lilitokea saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ikipungua dakika moja tu. Pwani ya Aceh, Indonesia, ilipigwa muda mfupi baadaye na tsunami, yaani mawimbi makubwa yaliyosukumwa na tetemeko hilo. Sri Lanka na India zilifikiwa baada ya saa mbili hivi. Kuja kwetu, kuvuka Bahari ya Hindi yote kwa mwendo wa ndege ya abiria, maji yale yalichukua zaidi ya saa saba. Tulipokuwa tunakunywa chai ya asubuhi, tumechoka na Krismasi, televisheni za dunia zilikuwa tayari zinaonyesha maafa ya upande wa pili wa bahari yetu. Watoto waliokufa mchana ule walikuwa bado nyumbani, pengine wanaomba ruhusa ya kwenda kuogelea.

Wenzetu wa Kenya walizitumia saa zile. Watu waliondolewa kwenye fukwe za Mombasa, sikukuu, jua kali, na hapana shaka wengi walinung'unika. Kenya nzima alikufa mtu mmoja, Watamu. Kwetu hesabu iliyobaki katika kumbukumbu za kimataifa ni kati ya watu 10 na 13, na taarifa za siku zile zilisema wengi wao walikuwa watoto waliokuwa majini. Somalia, hasa Hafun kule Puntland, waliokufa walikaribia 300, na mwaka ule Somalia haikuwa na serikali ya kumpigia filimbi mtu yeyote. Sisi tulikuwa nayo.

Wavuvi wa huku wataelewa haraka jambo jingine. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, yaani ni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na siku za bamvua maji ya Dar hujaa alasiri, kwenye saa kumi. Mawimbi yalifika bahari ikiwa bado haijajaa. Yangechelewa saa chache yangeikuta imefura hadi kwenye kuta za hoteli, na leo tusingezungumzia watu 10 wala 13.

Sasa nije kwenye mapokezi yetu. Tulilia, ndiyo. Tuliwalilia watoto wa Aceh na wa Nagapattinam kule India, kwa sababu hao ndio tulioonyeshwa: baba amebeba maiti ya mwanawe mikononi, safu za miili midogo imefunikwa shuka. Katika vifo vinavyokaribia 230,000, UNICEF ilikadiria wakati ule kwamba theluthi moja huenda ni watoto. Mtoto hana mbio za mtu mzima wala mkono wa kung'ang'ania mnazi maji yanapomvuta. Kilio kile kilikuwa cha haki kabisa. Lakini wa kwetu wakapita kama habari ya ajali ya basi. Wanafunzi wangu, ambao wengi wamezaliwa baada ya mwaka ule, wanaijua tsunami ya Asia. Nikiwaambia kwamba iliua watoto katika jiji hilihili, wananitazama kama ninayetia chumvi. Kibao cha kuwakumbuka sijawahi kukiona katika ufukwe wowote ninaopita.

Huruma ya dunia nayo ilikuwa kubwa kiasi cha kushangaza. Ahadi na michango ilivuka dola za Marekani bilioni 13. Januari 2005 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba hawapokei tena michango ya tsunami, maana waliyopata inatosha. Ulaya ilisimama kimya kwa dakika tatu. Kukawa na wimbi la watu waliotaka kuchukua yatima, wengine kwa nia njema na wengine Mungu ndiye ajuaye. Ujumbe wa simu za mkononi ukazunguka ukinadi watoto wa Aceh, mpaka serikali ya Indonesia ikapiga marufuku kuwatoa mkoani humo walio chini ya miaka 16. Kalmunai, Sri Lanka, kichanga kimoja kilichookotwa kikiwa hai kiliandikwa magazetini kwamba kinagombewa na wazazi jozi tisa, na mahakama ikasubiri kipimo cha vinasaba. Dunia ilimtaka mtoto wa tsunami. Waliouliza kwa nini wengine hawakuondolewa majini hawakuwa wengi.

Waswidi waliuliza. Walipoteza watu 543, wengi wakiwa watalii nchini Thailand, familia nzima nzima pamoja na watoto. Ilipojulikana kwamba jioni ile waziri wao wa mambo ya nje, Laila Freivalds, alikwenda kutazama tamthilia, hasira ilikuwa kubwa. Tume ikaundwa, na kabla mwaka 2005 haujaisha ikatoa ripoti iliyomlaumu waziri mkuu mwenyewe, Göran Persson. Tetemeko lilikuwa la upande mwingine wa dunia, lakini kwao hilo halikuifuta kazi ya ofisi.

Huku kwetu jibu lilikuwa jepesi: ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni Mwislamu na nimefundishwa kwamba afaye maji ni shahidi, na nikikaa matangani na mzazi aliyefiwa hilo ndilo nitakalomwambia, kwa moyo wangu wote. Ila neno la kumliwaza mzazi likisemwa na mtu mwenye muhuri mezani linageuka kuwa mlango wa kutokea. Tulisikia pia wahubiri wakisema watu walivunwa kwa dhambi zao. Dhambi za mtoto wa miaka minane? Mwaka 2011 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliiita tsunami ya nchi yake adhabu ya mbinguni. Kesho yake alilazimika kuomba radhi. Kwetu sijasikia aliyeombwa hata kufafanua.

Mheshimiwa, kama una nafasi ya kusoma jambo moja tu kuhusu suala hili, soma habari za shule ya msingi Okawa, mjini Ishinomaki, Japani. Machi 11, 2011, baada ya tetemeko, walimu waliwakusanya watoto uwanjani. Nyuma ya shule palikuwa na kilima. Wakakaa pale karibu dakika 50, watu wazima wakijadiliana waende wapi. Maji yalipofika, watoto 74 na walimu 10 walipotea. Ramani ya hatari ya eneo lile ilikuwa imeonyesha kwamba tsunami haifiki shuleni. Wapo wazazi waliokataa kuishia kwenye maua na ibada. Familia za watoto 23 zilikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Sendai ikasema wazi kwamba kosa lilianza kabla ya siku ile: shule na jiji walikuwa na wajibu wa kupanga mapema watoto watakimbilia wapi, na ramani haikuwa kinga. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Japani iliuacha uamuzi huo usimame.

Siku hiyohiyo, katika mji wa Kamaishi, wanafunzi karibu 3,000 walinusurika. Walikuwa wamefanya mazoezi. Wakubwa waliwashika wadogo mikono wakapanda mlima, na walipoona mahali pa kwanza hapatoshi, wakapanda tena. Siandiki haya ili tujifananishe na Japani, nchi yenye kuta za bahari na mitambo ambayo sisi hatutaijenga leo wala kesho. Tazama basi Simeulue, kisiwa cha wavuvi karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na kisa cha tsunami ya mwaka 1907 ambacho mabibi waliwaimbia wajukuu: ardhi ikitikisika sana, bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani usingoje kuambiwa. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa saba.

Na ufukwe wa Maikhao, Phuket, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona bahari inatoa mapovu na haitulii, akawapigia kelele wazazi wake hadi watu wapatao mia wakaondoka. Alikuwa ameisoma tsunami darasani wiki mbili kabla. Mwalimu wake wa Jiografia aliitwa Andrew Kearney. Walimu wenzangu watanisamehe nikisema jina hilo nalikumbuka kuliko ya wavumbuzi wengi ninaowafundisha.

Utaniambia kwamba tsunami ni jambo la nadra kwetu. Ni kweli. Lakini si geni. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchimbaji wa Pangani: tabaka la mchanga wa bahari la miaka kama elfu moja iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu waliokufa maji katika kijiji cha Waswahili wa kale. Mwaka huohuo, usiku wa Agosti 12, tetemeko la ukubwa wa 6 hivi lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Wazazi walinipigia simu kwa kuwa wananijua ni mwalimu wa Jiografia: Mwalimu, kuna tsunami? Huku niliko watu walitoka nje kwa maelfu, wengine wakaelekea ufukweni kwenda kutazama. Tetemeko la ukubwa ule kwa kawaida halizai tsunami ya kuvuka barabara, ndiyo maana tukarudi kulala. Mguu wa kuelekea ufukweni, hata hivyo, nilikwisha kuuona.

Serikali haijakaa bure, nami sitaki kudhulumu. Tangu 2004 Bahari ya Hindi imepata mfumo wa tahadhari, na vituo vya Australia, India na Indonesia hutuma taarifa kwa nchi zote za ukanda, nasi hapa Mamlaka ya Hali ya Hewa huzipokea. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 tuliona inawezekana: tangazo lilitoka mapema, boti za Zanzibar zikasimama, watu wakasikia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Pengo liko kati ya simu ya ofisini na sikio la mtoto aliyeko majini Jumapili mchana. Pengo hilo ni la Wizara yako.

Ninachoomba si somo jipya. Mtaala umeshaleta Jiografia na Mazingira katika shule za msingi. Tuandikiwe humo mafunzo mafupi kwa shule zote kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Mafia yake. Tafadhali yasiwe mchoro wa mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya ganda la dunia, wa kunakili na kukariri. Mabamba wanayaweza, mtihani ukija wanapata alama zote. Kinachotakiwa ni kwamba mtoto wa Pwani anajua maji yanajaa lini na yanapwa lini, kwa sababu ndio muda wake wa kuokota chaza au kuogelea. Tsunami ya mbali kama ile ya 2004 hatasikia tetemeko lake. Dalili atakayoiona ni bahari kupwa au kujaa si saa yake. Basi afundishwe hivyo hivyo: maji yakivunja saa yake, toka, panda juu, waite wenzako, usirudi kuchukua ndala, na usirudi hata yakitulia, kwa maana wimbi la pili na la tatu huja baadaye na laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Pili, mazoezi mara moja kwa mwaka. Umoja wa Mataifa umetenga Novemba 5 kuwa siku ya kuielewa tsunami, lakini najua Novemba ni msimu wa mitihani, basi chagueni siku nyingine. Kila shule iandike mahali pake pa kukimbilia. Huku kwetu ardhi ni tambarare na sehemu nyingine mahali pa juu kuliko pote ni ghorofa ya mtu binafsi au ya kanisa, kwa hiyo lazima mwenye jengo aombwe mapema, kwa barua, asije akafunga geti siku yenyewe.

La tatu ni dogo. Wizara itafute, pamoja na Polisi na wazazi wakiridhia, majina na umri wa watoto waliokufa siku ile Dar es Salaam, yaandikwe katika kitabu hicho cha Jiografia na Mazingira. Mtoto akimsoma mwenzake wa Temeke au Kinondoni ataisikiliza habari kwa sikio jingine.

Naomba jibu la maandishi, hata kama ni hapana. Shule yetu iko tayari kuanza bila kusubiri vitabu: mkuu wa shule ameridhia, mwenye ghorofa tuliyemwendea ameridhia, na njia ya kutoka darasani hadi kwake tumeitembea na walimu wenzangu. Hatuna kibali cha kuwatoa wanafunzi nje ya geti saa za masomo. Tunakisubiri kutoka kwako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Kigamboni, Dar es Salaam.