Sikukopa mimi, namba yangu mmeitoa wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wakopeshaji wa mtandaoni: nani kawapa namba yangu?

Mteja wangu mmoja alichelewa kulipa mkopo wa simu. Nikaletewa ujumbe wenye picha yake na kiasi anachodaiwa, nikiitwa mdhamini. Mdhamini wa nini? Nilimshonea gauni la harusi ya mdogo wake, akanilipa, basi. Ujumbe huohuo ulimfikia ustadhi wa madrasa, mwalimu wa mwanawe na muuza mkaa. Kosa letu ni kuwamo kwenye simu yake.

Utaambiwa mkopaji aliridhia mwenyewe programu ya mkopo isome namba zilizomo simuni mwake, alipobonyeza "kubali". Haya, yeye karidhia. Mimi niliridhia lini? Kila siku tunamsimanga mkopaji kwa kutosoma masharti, na hao wengine waliomo kwenye simu yake, ambao hawakuletewa sharti lolote la kusoma, hatuwataji. Namba yangu nimeiandika kwenye kibao cha duka, siifichi. Lakini niliiandika kwa anayetaka kushonewa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikataja programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Vizuri. Ila programu ikifungiwa leo, majina iliyokwisha kuyazoa yanabaki kwa aliyeyazoa, na kesho anaweza kurudi kwa jina jipya na orodha ileile mkononi. Hao kausha damu hawaishiwi majina.

Wenzetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa watu wengine na kuwatumia vitisho. Nasi tufike huko. Mkopeshaji akilalamikiwa, aonyeshe alikoitoa namba, kisha athibitishe mbele ya Tume kwamba ameifuta.

Na kama Tume inapokea malalamiko ya mtu ambaye hakukopa, naomba utaratibu wake uchapwe hapa gazetini, maana huku kwetu si wengi watakaokwenda kuutafuta kwenye tovuti.

Mama Zubeda,
Fundi cherehani, Makorora, Tanga