Nani akae na samaki malaika?

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliingia dukani kwetu, tunakouza samaki wa kufuga tangini, analalamika: "Mwanangu, samaki wangu wanaibiwa." Alikuwa na neoni kumi, wale samaki wadogo wa kung'aa, wamebaki wanne. Hakuna mzoga ulioelea, hakuna aliyeruka nje, na paka hafugi. Tukamwomba picha ya tangi lake kwenye simu. Katikati alisimama samaki malaika, mapezi yamenyooka kama tanga la ngalawa, tumbo limemjaa ndi. Tukamwambia, mama, mwizi wako ndiye huyu.

Kosa hilo lilikuwa letu pia. Tulimuuzia malaika wa ukubwa wa sarafu, tukamwambia ni mpole, basi. Upole wake ni wa kweli, lakini malaika ni sikilidi, wa ukoo mmoja na sato, perege na furu wa maziwa yetu. Kwao ni mito ya bonde la Amazon, na umbo lake jembamba limemwezesha kupenya katikati ya mizizi na mashina yaliyozama, akivizia vitoweo vidogo. Akikua, mwili hufika sentimita 15 hivi, na kimo chake pamoja na mapezi hupita 20. Neoni haizidi sentimita 4. Mara nyingi huliwa taa ikishazimwa, ndiyo maana mwenye nyumba haoni kitu. Gapi, samaki mwingine mdogo, naye yumo hatarini, na vitoto vyake ndio kabisa.

Kwa hiyo siku hizi, mteja akichagua malaika, tunamwuliza kwanza: huyu mwenzake ataingia kinywani mwa malaika mkubwa? Akiingia, hatuwauzi pamoja, hata kama leo wanalingana.

Swali la pili ni la mapezi. Yale marefu yanayoning'inia humvutia kila samaki mdokozi. Wabaya zaidi ni wale wadogo wa manjano wenye milia myeusi, wanaouzwa kwa jina la taiga. Watamdonoa mpaka mapezi yabaki vipande, kisha ukungu uingie kwenye vidonda. Mbuna wa Ziwa Nyasa tunawapenda sana, rangi zao hazina mfano, lakini ni wagomvi na wanataka maji magumu yenye alkali, ilhali malaika hustawi kwenye maji laini. Mbuna wapewe tangi lao. Samaki wa dhahabu vilevile: yeye ni wa maji ya baridi na huchafua sana.

Sasa wanaofaa. Tunaowasifu kuliko wote ni tetra wa Kongo, kutoka bonde la Mto Kongo. Dume hufika sentimita 8 hivi, ubavu wake hung'aa bluu, dhahabu na kijani taa ikimpiga, na hana haja na mapezi ya mtu. Nunua sita au zaidi, maana akiwa peke yake hujificha kutwa nzima. Wanahitaji nafasi ya kuogelea, kwa hiyo tangi la lita 200 ndilo tunaloshauri, lenye kimo kisichopungua sentimita 45. Kimo ndicho wengi husahau: malaika kwenye tangi fupi hukua mapezi yamepinda.

Sakafuni weka koridora, kambare wadogo wa tangini, nao sita. Wape mchanga laini, kwani kokoto zenye ncha huwakwangua sharubu. Ukimwona koridora amepanda juu mbio, akavuta hewa na kushuka, usihangaike; huimeza na kuitumia tumboni, ndivyo alivyoumbwa. Kwa joto la Dar es Salaam, ambapo maji ya tangi hufika nyuzi 28 bila hita, chagua aina ya sterbai. Walioko Mbeya, Iringa au Arusha watahitaji hita, maana malaika hataki chini ya nyuzi 24.

Kwa kula mwani kwenye kioo, chukua pleko, kambare mwenye kinywa cha kufyonza, wa aina yenye sharubu nyingi puani. Yule pleko wa kawaida hupita sentimita 30, na akishakua hujibandika ubavuni mwa malaika na kumfyonza ute.

Jambo moja zaidi, maana huwashtua wateja. Malaika wawili wakipendana watasafisha jani pana au bomba la chujio, jike atapanga mayai mistari kwa mistari, kisha wote wawili watayapepea kwa mapezi. Anayewajua perege wakilinda vitoto anaelewa kinachofuata: tangi zima linasukumwa kona moja. Usiwalaumu, na usiwafukuze wengine. Hamisha jozi hiyo kwenye tangi lake, au hamisha jani lenye mayai.

Yule mama aliwahamishia neoni wake wanne kwenye tangi dogo la sebuleni, na malaika wake sasa anaishi na tetra wa Kongo saba. Neoni sita tulimpa bure, kwa sababu ushauri mbovu ulitoka kwetu.

Ukija dukani, njoo na picha ya tangi, vipimo vyake vitatu, na chupa ndogo ya maji yako, hasa kama unatumia ya kisima. Tutayapima hapohapo kabla hujachagua samaki hata mmoja.